Historia ya Kobe, Msokota Biri wa Meza ya Dirishani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani zetu, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla ya kuanza inawaomba uvumilivu, kwa maana historia hii tutaisoma taratibu, bila kukimbia, na humo ndani yapo mambo ambayo jana jioni tuliombwa kwa heshima tuyaruke, nasi kwa heshima hiyohiyo hatutayaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa mwisho wa barabara ya mashambani, baba yake akiwa mkulima wa tumbaku, na mama yake pia, ingawa kwenye karatasi za mnunuzi mkulima alikuwa mmoja tu. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, hadi bibi yake akawa anawaambia wageni kwamba mjukuu huyu hana haraka na dunia, basi dunia nayo itulie imsubiri. Alikulia kati ya vitalu na mabanda ya kukaushia, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kutopiga chafya karibu na kibuyu cha mbegu, kwa kuwa mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi, na baba yake alikuwa akisema chafya moja inatosha kuhamishia shamba zima kwa jirani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akapenda hesabu na kuchora, na angeendelea kupenda kama asingeitwa shambani kila yalipofika mavuno. Tumbaku haivunwi kwa siku moja, huanza kuchumwa majani ya chini, ambayo ni mepesi na mapole, yakafuata ya katikati, mwisho yale ya juu kabisa yaliyokula jua na kuwa makali, kwa hiyo kazi huchukua wiki nyingi, na mikono midogo inayofika chini bila mgongo kuinama ndiyo inayoitwa kwanza. Asubuhi jani linapokuwa na umande, utomvu wake hupita kwenye ngozi ya mchumaji, naye hulewa bila kuwasha chochote, kichwa kikamzunguka, tumbo likamgeuka, kisha akaenda shule hivyo hivyo. Mwalimu wake wa darasa la nne alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe mtoto, kitanda kiko kwenu, hapa ni madawati," darasa zima likacheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa na miaka kumi. Leo familia inamjibia, kwa upole lakini bila kumung'unya, kwamba mtoto yule hakuwa mvivu, bali alikuwa ametiwa sumu kabla ya kengele ya kwanza kulia. Alimaliza darasa la saba Novemba 1972, hakuchaguliwa kuendelea, akarudi nyumbani kutunga majani kwenye kamba.

Tarehe 3 Machi 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha biri, na hapo tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu tangu Jumatano watu wengi wametupa pole wakisema mama wa watu alifanya kazi ya sigara, na marehemu alikuwa akikasirika sana kusikia hivyo. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa, ikafungwa kwa karatasi, ikatemwa na mashine. Biri ni jani tupu, ndani jani, katikati jani, nje jani, wala haina karatasi, na ile ya heshima haipiti kwenye mashine, inapita kwenye vidole. Anayetaka kuelewa namna dada yetu alivyoishi, na namna alivyokufa, lazima kwanza aelewe biri inavyozaliwa, basi tutaeleza kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiwaeleza wajukuu zake, hatua kwa hatua.

Majani yakishachumwa hutungwa na kuning'inizwa bandani, kivulini, mahali penye hewa ya kupita, yakawa ya njano, kisha ya kahawia, yakakauka polepole hadi yakawa yanalia yakiguswa. Hapo bado hayafai. Hurushiwa maji kidogo na kupangwa marundo makubwa ili yavundikwe, kama vile unavyovundika ndizi ziive, ila rundo la tumbaku hupata joto lenyewe kwa ndani kiasi kwamba ukiingiza mkono katikati unautoa upesi, na hutoa mvuke mkali unaochoma macho na koo, mvuke wa zizi lisilofagiliwa. Rundo hupinduliwa, la ndani likawa nje na la nje ndani, likapangwa tena, likapinduliwa tena, mpaka ukali uishe na harufu itulie, kisha majani hufungwa marobota na kuachwa yalale ghalani mwaka, hata miaka. Mwenye haraka haiwezi kazi hii, na labda ndiyo maana ilimpenda.

Msokotaji huletewa majani yaliyokwisha kunyunyizwa, akang'oa uti wa katikati, akachagua. Yapo majani ya moyo, ambayo hukunjwa moja moja kama feni na kupangwa pamoja ili moshi upate njia, maana ukiyakunja kama kitabu biri itaungua upande mmoja. Lipo jani la kufungia, gumu kidogo, linaloshika moyo usitawanyike. Fungu hilo hulazwa ndani ya kalibu ya mbao, likabanwa kwenye shinikizo hadi lishike umbo. Halafu linakuja jani la nje, ambalo wasokotaji wanaliita joho, jani jembamba, laini, lisilo na tundu wala mshipa mnene, ambalo hunyooshwa mezani, likakatwa kwa kisu cha mviringo kisicho na mpini, likazungushwa kuanzia mguuni hadi kichwani, na juu kabisa hubandikwa kofia ndogo kwa gundi ya mmea. Ukibana mno, mvutaji atavuta hadi mashavu yaingie ndani asipate kitu, na ukilegeza mno, biri huwaka kama gazeti. Kipimo hakiko popote ila kwenye ncha za vidole.

Wenzake walimpa jina la Kobe mwezi wa kwanza tu, kwa kuwa wao walipokuwa wakijaza kalibu ya pili yeye alikuwa bado anaipapasa ya kwanza, na mcheshi mmoja wa meza za nyuma akapaza sauti, "Jamani mwacheni Kobe, nyumba anayo mgongoni, hana pa kukimbilia!" Jina likakaa. Miaka miwili baadaye biri ndefu zilizokuwa zikiuzwa ghali kuliko zote zikawa hazisokotwi na mtu mwingine ila Kobe na wanawake wawili aliowafundisha, na yule mcheshi akawa wa kwanza kumwomba amwonyeshe namna ya kuvisha kofia.

Kiwanda kilikuwa na tabia ya kuleta wageni kutazama, na mwongozaji wao alikuwa akiwaambia kwamba biri tamu husokotwa na wasichana juu ya mapaja, na hata kwenye mfuniko wa sanduku walichora binti aliyeketi hivyo, anatabasamu, sketi imepanda. Kobe alivumilia mara ya kwanza, akavumilia ya pili, ya tatu akaweka kisu chini na kumwambia yule mwongozaji, "Baba, mapaja yangu ni ya kukalia. Biri tunasokotea mezani, na meza hii hapa, iguse." Wageni walicheka, mwongozaji hakucheka, na picha ya binti iko kwenye mfuniko hadi leo. Tunaitaja kwa sababu watu walionunua kazi ya mikono yake kwa miaka yote hiyo walidhani wananunua paja la mtu.

Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1980 marehemu alifunga ndoa na fundi seremala wa masanduku wa kiwanda hichohicho, aliye mgane leo, na ameketi hapa mbele. Walifahamiana kwa ugomvi, kwa maana msichana alilirudisha sanduku akisema halifungi sawasawa, fundi akalitengeneza, likarudishwa tena, naye akauliza kwa sauti mbele ya karakana nzima, "Dada, kasoro iko kwenye sanduku au iko kwa fundi?" akajibiwa, "Fundi nitamkagua mwenyewe." Mungu aliwajalia watoto wawili, kifungua mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1982, ambaye ni dereva wa lori, na kitindamimba wa kike aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1986, ambaye ni msokotaji, na ambaye tutamtaja tena. Ameacha pia wajukuu wanne.

Sasa tunafika mahali tulipoombwa turuke.

Joho likikauka hupasuka, na biri iliyopasuka haiuziki, kwa hiyo chumba cha kusokotea hutakiwa kuwa na unyevu na kisiwe na upepo, na desturi ya kiwanda tangu mwanzo ilikuwa kufunga madirisha. Ndani ya chumba hicho wamekaa watu bega kwa bega, vumbi la tumbaku linapanda kila uti unapong'olewa, majani mengine bado hayajamaliza kutoa ule mvuke wa rundo, na hewa iliyoingia asubuhi ndiyo inayovutwa hadi jioni, na kila mtu, mpaka aliyebeba mimba. Karakana ya masanduku ilikuwa ng'ambo ya uwanja, haina hata mbao za madirisha, upepo unaingia unatoka, kwa kuwa ubao haujali. Mume na mke walikuwa wakitoka kazini kwa lango moja, mume akinukia maranda ya mbao, mkewe akikohoa.

Mwaka 1997 Kobe aligundua dawa yake, wala haikuwa kubwa. Alilowesha kitambaa cha pamba, akakikamua, akafunika majoho yake na kuyatoa moja moja kila alipohitaji, kisha akafungua dirisha la ubavuni mwake kwa upana wa kiganja. Jani halikupasuka. Wiki ikapita, ya pili ikapita, wa meza za jirani wakaleta vitambaa vyao na kuanza kusogeza viti kidogokidogo, na ikawa utani wa chumba, "Kobe, bana mbavu, na sisi tuna pua!" Wengine waliogopa, wakasema, "Dada, utatuponza," naye akawajibu kwamba kuponzwa wameshaponzwa, kilichobaki ni kupumua.

Halafu siku moja ya Juni majoho yakapasuka, mengi, kwenye meza za ukutani, mbali kabisa na lile dirisha, na chumba kizima kilijua kwamba siku hiyo marobota yaliletwa bila kunyunyizwa maji. Msimamizi wa chumba naye alijua. Lakini mnyunyizaji maji alikuwa shemeji yake msimamizi, na Kobe hakuwa shemeji ya mtu, basi ikaandikwa kwamba upepo wa Kobe umeharibu mzigo.

Jumapili ya tarehe 15 Juni 1997, wasokotaji wakiwa nyumbani, fundi wa masanduku aliitwa kiwandani na kuambiwa apige misumari madirisha yote ya chumba cha kusokotea, kwa wiki moja tu, mpaka mzigo ule utoke. Akaamini. Alikuwa fundi mzuri, na hakujua kufanya kazi nusunusu, kwa hiyo alichagua misumari mirefu, akaizamisha vichwa ndani ya mbao, akaziba matundu kwa nta na kupiga msasa, hata mtu asione mahali pa kuingiza koleo. Laiti angekuwa fundi mbovu. Mgane ametutaka tuyasome haya kama yalivyo, akasema watu wamezoea kusikia kwamba kiwanda kilifunga madirisha, na kiwanda hakina mikono.

Jumatatu Kobe aliingia, akatazama dirisha lake, akapitisha kidole kwenye ile nta laini, na hakuuliza ni nani. Jioni alipakua chakula, akakaa, akamwambia mumewe, "Baba, kazi yako nzuri. Hata mbu hapiti." Mume akaweka kijiko chini. Hawakununiana baada ya hapo, ilikuwa afadhali wangenuniana, kwani kwa miezi waliishi kwa adabu kama wageni kwenye nyumba ya kulala, samahani huku, asante kule. Wiki ilipokwisha fundi alikwenda kuomba aiondoe misumari, akaambiwa wiki haijaisha. Akaenda tena baada ya miezi mitatu, akaambiwa wiki haijaisha, na kwamba atakayegusa msumari hata mmoja ataondoka langoni pamoja na mkewe, na wakati huo watoto wote wawili walikuwa shuleni. Alipofika nyumbani na jibu hilo mkewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu Juni, akasema, "Njoo ule, mume wangu. Nyundo haijichagulii msumari." Hapo ndoa ikarudi. Wiki ile, ndugu waombolezaji, bado haijaisha.

Marehemu alianza kukohoa mfululizo mwaka 2004. Mwaka 2009 alikuwa akipumzika mara mbili kati ya lango na meza yake, na wenzake wakambebea mfuko. Alipokwenda kwa daktari wa kwanza aliulizwa anavuta ngapi kwa siku, akacheka hadi kikohozi kikamshika, muuguzi akampigapiga mgongo, na alipopata pumzi akasema, "Mwanangu, mimi nimewasokotea watu wavute, mwenyewe sijawahi hata kuwasha." Tarehe 30 Agosti 2013 kiwanda kilimwachisha kazi kwa sababu ya afya, kikamfanyia hafla fupi uwanjani, na zawadi aliyopewa mbele ya watu, ikapigiwa makofi na kupigwa picha, ilikuwa sanduku la biri, lile lenye picha ya binti, akapewa mwanamke ambaye hakuwahi kuvuta, na ambaye mwezi huo alikuwa ameshindwa kupuliza na kuzima mshumaa wa keki ya mjukuu wake. Sanduku lilitengenezwa na mumewe. Biri zilikuwa zake mwenyewe.

Kitindamimba, ambaye alikuwa ameajiriwa chumba hichohicho miaka mitano kabla, alihamishiwa kwenye meza ya mama yake. Mama alimsihi, "Mwanangu, kaa meza yoyote, ila ile," naye akajibu, "Mama, ndiyo iliyokuwa tupu." Ana vidole vya mama yake. Tangu mwaka jana ana pia kikohozi cha mama yake. Mlio naye karibu hapo mmekuwa mkimsikia tangu tulipoanza kusoma, na mmedhani ni kilio.

Kuanzia Februari mwaka huu marehemu alilala na mtungi wa hewa kando ya kitanda. Hakulalamika kwa ajili yake. Alichosema, na alikisema kwa kila aliyekuja kumjulia hali, ni kwamba mwanawe anakaa kwenye meza ileile chini ya misumari ileile, na kwamba jambo lenyewe ni dogo mno, kitambaa chenye maji na dirisha la upana wa kiganja, watu wanazikwa kwa kukosa kitambaa chenye maji. Mwezi uliopita alituita familia akasema, kwa vipande, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "Siku hiyo msinipambe. Msiseme nilikuwa mpole. Semeni dirisha." Alifariki Jumatano asubuhi, tarehe 11 Septemba 2019, wodini, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Jana jioni tulitembelewa na meneja wa kiwanda na afisa wake, wakatupa pole, wakatuahidi gari la kubebea jeneza na maua, kisha afisa akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, akaomba isomwe leo badala ya hii. Iliandikwa kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi mtiifu, mpenzi mkubwa wa biri za kiwanda chetu, na kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mpenzi mkubwa wa biri. Maana yake, anayesikiliza ajazie mwenyewe kwamba alijiua kwa moshi wake. Na muda mfupi, miaka kumi na mitano. Mgane aliisoma taratibu hadi mwisho, akaikunja, akamrudishia afisa kwa mikono miwili, akamwambia, "Baba, karatasi yenu nzuri, imepangwa vizuri, lakini huyu mama mliyemwandika humu mimi simjui. Mkimpata, mzikeni." Afisa akasema kwa sauti ya chini kwamba kitindamimba bado ni mwajiriwa, na busara ni jambo jema. Binti mwenyewe akamjibu kutoka mlangoni, "Nimekusikia, kaka. Na mimi ninaandikwa lini?" Gari hatukulipokea. Jeneza amelitengeneza mumewe kwa mbao za kawaida, kwa sababu zamani mkewe alishamwonya asithubutu kumweka kwenye mwerezi kama masanduku yale, akisema yeye si biri.

Meneja yupo nasi hapa leo. Ni mgeni wa msiba, na familia inamheshimu kama mgeni wa msiba, hakuna atakayemnyooshea kidole wala kumnyima kiti. Tunamwomba tu asikilize kwa kuwa anayesoma haya hasomi kwa ghadhabu ya leo, na jambo tunalomwambia hata mtoto wa chekechea analielewa ukimweleza mara moja, kwamba mtu akifungiwa hewa anakufa. Sisi tumelieleza miaka ishirini na miwili.

Familia inamshukuru daktari bingwa wa kifua aliyekuwa wa kwanza kumuuliza marehemu alifanya kazi wapi badala ya kumuuliza anavuta ngapi, na wauguzi waliosogeza kitanda chake karibu na dirisha bila kungoja kuombwa mara mbili. Tunamshukuru jirani yetu muuza maziwa, aliyebeba mitungi ya hewa kwa baiskeli yake wakati lori la kifungua mimba lilipokuwa safarini, na jirani wa ukuta mmoja, ambaye kila alipokosa kusikia kikohozi alfajiri alikuja kugonga, akiogopa kimya. Tunawashukuru wasokotaji wote, mliokuwapo enzi zake na mlio mle sasa, ambao mmekuja na vitambaa vyenu vya kazi mikononi, tumeviona, tumeelewa.

Mgane ameomba asihutubie, amesema yeye si mtu wa maneno, na ametutuma tuwatangazie jambo moja kwa niaba yake, ili lisije likaitwa fujo na mtu asiyeambiwa mapema. Keshokutwa Jumatatu, saa ya kufungua lango, atakuwa kiwandani na patasi, nyundo na koleo. Anajua kila msumari ulipo, kwa kuwa nta ni yake. Hataingia kwa nguvu, atabisha hodi, na akikataliwa atakaa pale nje, na wasokotaji wameiambia familia isiwe na wasiwasi wa kiti, kwa sababu watakuwa wametoa viti vyao vyote uwanjani, na wataketi juu yavyo, hewani, mpaka dirisha la kwanza lifunguke. Anayetaka biri siku hiyo atafute binti wa kwenye mfuniko amsokotee.

Mama wa watoto hawa, mke wa fundi, dada yetu, Kobe wetu, umesemewa dirisha kama ulivyoagiza, na hatukukupamba. Lala, shusha pumzi, hakuna tena anayekudai uivute. Wewe pumzika kwa amani. Sisi bado.